Mimba si sababu ya kumtupa paka. Kinachotakiwa kuhama ni zamu ya choo chake

#1 Kitasa (mtoa mada)
Habari zenu wadau. Nasema hivi, na anayepinga aje na hoja: mjamzito hana haja ya kumfukuza paka wake. Aache kushika choo cha paka, aache nyama isiyoiva, aache kuchimba udongo mikono mitupu. Watu wengi wanafanya kinyume. Paka anatupwa nje, halafu mama anaendelea kuonja nyama mbichi ya kusaga ili ajue kama chumvi imekolea.

Hoja yangu ni hii. Kimelea kinachoogopwa ni Toxoplasma gondii, kwa kuwa kinaweza kumfikia mtoto tumboni. Paka hukipata akila panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea. Akishaambukizwa hutoa mayai ya kimelea kwenye kinyesi kwa wiki 1 hadi 3, mara nyingi mara moja tu maishani, kisha kinga ya mwili wake inayazuia. Na mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo: yanahitaji siku 1 hadi 5 nje ili yakomae. Kinyesi kikiondolewa kila siku, kinaondoka kabla hakijawa na madhara.

Sasa nauliza: paka mtu mzima asiyetoka nje, anayekula chakula cha kopo, ana hatari gani hasa?

#2 Shubiri
Hatari ni kwamba hizo wiki tatu huzijui zinaanza lini. Paka anayetoa mayai haharishi, hakondi, anakula na kulala kama kawaida, huku anatoa mamilioni kwa siku. Pia kinga yake ikishuka kwa ugonjwa au kwa dawa anaweza kuyatoa tena. Mimi nasema apelekwe kwa ndugu miezi yote ya mimba, arudi mtoto akishazaliwa.

#3 MkungaZamu
Shubiri, ukimpeleka kwa ndugu umeondoa paka mmoja. Udongo aliochimba paka wa jirani mwaka jana bado uko pale pale, na mayai hayo hudumu kwenye udongo wenye unyevu zaidi ya mwaka.

Choo cha paka kina taratibu zake, na makosa hutokea kwenye mambo madogo. Kwanza, asiye mjamzito ndiye asafishe. Kama mama anaishi peke yake, avae glavu za kutupwa na achote kinyesi kila siku, saa 24 zisipite. Mchanga asiumwage kwa kishindo ukafuka vumbi, auchote polepole. Kinyesi kiingie kwenye mfuko, ufungwe, uingizwe kwenye mfuko wa pili, ndipo utupwe. Usikimwage kwenye choo cha kuvuta. Trei tupu imwagiwe maji yanayochemka, yakae dakika 5, ndipo isuguliwe. Glavu zivuliwe kwa kugeuzwa ndani nje, kisha mikono ioshwe kwa sabuni sekunde 20, pamoja na chini ya kucha. Hapo kwenye kucha ndipo wengi wanapopita haraka.

Na trei isikae jikoni wala karibu na meza ya chakula. Wengine wanaisukuma chini ya sinki kwa sababu ndiko kuna nafasi, halafu sufuria zinaoshwa juu yake.

#4 MamaPacha
Asante mkunga. Kwa nini tusimwage dawa ya klorini tu badala ya kuhangaika na maji ya moto? Inaua kila kitu.

#5 VetMkongwe
Klorini haiyaui mayai ya Toksoplazma. Ganda lake lina tabaka mbili na dawa nyingi za kusafishia zinateleza juu yake tu. Linalomalizwa na joto halimalizwi na harufu kali. Nyuzi 70 na kuendelea zinatosha, kwa hiyo maji yaliyotoka jikoni yanabubujika ndiyo dawa yako. Klorini itakusaidia kwa bakteria, si hapa.

Na niseme jambo la pili kabla halijaulizwa. Dawa ya minyoo ya paka haigusi Toksoplazma. Piranteli na prazikwanteli zinashughulika na minyoo, na huyu si mnyoo. Kila mara mtu anasema "paka wangu nampa dawa kila miezi 3, niko salama". Dawa mpe, ni jambo zuri kwa sababu nyingine, ila hii siyo mojawapo.

#6 Kinyonga
Basi paka apimwe damu. Akionekana safi tunalala usingizi.

#7 VetMkongwe
Ni kinyume chake. Paka mwenye kingamwili ameshapita kipindi cha kutoa mayai, na huyo ndiye afadhali. Asiye nazo ndiye "safi" wako, na ndiye anayeweza kuanza kutoa mayai wiki ijayo akikamata panya. Kupima kinyesi nako ni bahati nasibu: dirisha ni wiki chache na ukilikosa jibu linasema hakuna. Pesa hiyo ampimie mama.

Chanjo ya paka dhidi ya kimelea hiki haipo sokoni. Iliyopo ni ya kondoo, ina vimelea hai, na mjamzito haruhusiwi hata kushika chupa yake.

#8 Darubini
Nakubaliana, mpime mama, na umpime mapema, ikiwezekana kabla mimba haijaingia. Majibu yanasomwa hivi (IgG na IgM ni aina mbili za kingamwili zinazopimwa kwenye damu):

IgG ipo, IgM haipo: maambukizi ya zamani. Kwa mwenye kinga ya kawaida, mtoto analindwa. Huyu anaweza kumpapasa paka wake bila presha.
IgG haipo, IgM haipo: hajawahi kukutana nacho. Huyu ndiye wa kufuata masharti yote ya bandiko #3.
IgM ipo: hapa ndipo watu wanapolia bure. IgM inaweza kubaki kwenye damu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Haimaanishi maambukizi mapya. Rudia kipimo baada ya wiki 2 hadi 3 kwenye maabara ileile, kwa mashine ileile, halafu omba kipimo cha aviditi, yaani jinsi IgG inavyong'ang'ania kimelea. Aviditi ikiwa juu ndani ya wiki 16 za mwanzo, maambukizi yalitangulia mimba. Ikiwa chini haithibitishi chochote, kwa sababu kuna watu inakaa chini kwa miezi.

Kosa ninaloliona sana ni mama kupimwa mara ya kwanza akiwa na wiki 28. Hapo aviditi ikiwa juu inakwambia tu kwamba hakuambukizwa miezi mitatu minne iliyopita. Miezi ya mwanzo ya mimba inabaki gizani.

#9 Shubiri
Na akikutwa ameambukizwa kweli? Maana mnaongea kama jambo dogo.

#10 MkungaZamu
Hakuna aliyesema dogo. Takwimu za Lyon, Ufaransa, zilizochapishwa 1999 zinaonyesha mwelekeo vizuri: mama akiambukizwa akiwa na wiki 13, uwezekano wa kimelea kumfikia mtoto ni asilimia 6, wiki 26 ni asilimia 40, wiki 36 ni asilimia 72. Lakini ukali unakwenda upande mwingine. Anayefikiwa mapema ndiye anayeumia zaidi: maji kichwani, chembe za chokaa kwenye ubongo, makovu ya retina (utando wa nyuma ya jicho), au mimba kutoka. Anayefikiwa mwishoni huzaliwa akionekana mzima, na macho yanaweza kuleta shida miaka baadaye, ndiyo maana hafutwi kwenye orodha ya ufuatiliaji.

Mama mwenyewe mara nyingi hasikii kitu. Wachache wanavimba tezi za shingo, uchovu, homa ya kupita.

Matibabu: kabla ya wiki 18, na bila dalili kwamba mtoto amefikiwa, hutolewa antibiotiki ya spiramaisini gramu 1 kila saa 8. Maji ya uzazi huvutwa kwa sindano kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kimelea, kuanzia wiki 18, na angalau wiki 4 ziwe zimepita tangu maambukizi, vinginevyo jibu linadanganya. Mtoto akithibitishwa, wanaingia pirimethamini, salfadiazini na asidi ya foliki.

#11 Darubini
Hapo mwisho ni asidi ya foliniki, si foliki. Si kuchagua maneno tu: foliki inaweza kukilisha kimelea na kuipunguzia pirimethamini nguvu, foliniki inalinda uboho wa mama bila kukisaidia. Na pirimethamini haitolewi miezi mitatu ya mwanzo.

#12 Kitasa
Mnaona sasa? Yote haya yanahusu mtu aliyeambukizwa, hakuna aliyeonyesha kwamba aliambukizwa na paka wa ndani. Utafiti wa miji 6 ya Ulaya uliochapishwa mwaka 2000 uliwauliza wajawazito walioambukizwa na wasioambukizwa. Nyama isiyoiva ilibeba kati ya asilimia 30 na 63 ya maambukizi. Udongo, asilimia 6 hadi 17. Kuishi na paka hakukuonekana kuwa hatari kabisa. Kabisa!

#13 Upepo wa Kusi
Kitasa unachagua tafiti kama mtu anayechagua embe sokoni. Mwaka 2011 Marekani walitumia kipimo kinachotofautisha aliyemeza mayai yatokayo kwa paka na aliyekula kimelea kilichojificha kwenye nyama. Kwa akina mama wa watoto waliozaliwa na ugonjwa, asilimia 78 walionyesha dalili ya mayai. Na karibu nusu tu ndio waliokumbuka jambo lolote la hatari walilofanya. Ukimuuliza mtu kwa dodoso, anakumbuka kipande cha nyama. Hakumbuki mboga aliyoisuuza harakaharaka.

#14 Kitasa
Mayai, sawa. Lakini ya paka gani? Tafiti hiyo haisemi ni wa sebuleni.

#15 Sikio la Kufa
Inaweza isiwe hata paka wa mtaani. Mwaka 1995 mji wa Victoria, British Columbia, ulipata mlipuko wa watu kama 100, na kidole kikaelekezwa kwenye maji ya bomba. Bwawa lilizungukwa na msitu wenye paka na puma. Na maji yalikuwa yamewekwa dawa, tunarudi kwa VetMkongwe #5: klorini haifui dafu. Kwa asiye na uhakika wa chanzo cha maji, kuchemsha kunamaliza mjadala.

#16 VetMkongwe
Nami naongeza mshukiwa asiyetajwa: mbwa. Hatoi mayai ya Toksoplazma, hilo ni la jamii ya paka peke yake. Lakini ana tabia ya kujigaragaza kwenye kinyesi cha paka na hata kukila. Anarudi nacho kwenye manyoya, anakumbatiwa. Paka anajilamba mwili mzima kutwa, kwa hiyo mayai hayapati muda wa kukomaa kwenye manyoya yake. Kwa hesabu hiyo manyoya ya mbwa yana mashaka kuliko ya paka. Kwa hiyo mbwa akirudi ananuka, aogeshwe na mwingine.

#17 MamaPacha
Kwa hiyo nyama, maji, mboga, udongo, mbwa. Paka ameachiwa kwa dhamana 😂 Basi tupeni vipimo vya nyama angalau, kila mtu anasema "iive vizuri" na kila mtu ana vizuri yake.

#18 MkungaZamu
Kwa kipimajoto cha kuchoma, ncha ikae katikati ya sehemu nene, isiguse mfupa:
Kipande kizima: nyuzi 63, kisha kipumzike dakika 3 kabla ya kukatwa.
Nyama ya kusaga: 71, haina mapumziko.
Kuku na ndege wengine: 74.

Asiye na kipimajoto asitegemee rangi ya juu. Akate katikati, pasibaki wekundu na maji yatoke meupe. Maikrowevu inapasha kwa mafungu, pembeni inachemka katikati baridi, kwa hiyo si ya kutegemea. Kukausha kwa chumvi na moshi nako si hakika. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku kadhaa inaua sehemu kubwa ya kimelea, ila bado upike. Mbao ya kukatia nyama mbichi isikatie kachumbari kabla haijaoshwa kwa maji ya moto na sabuni.

Na kuonja mbichi kukome. Kaanga kipande kidogo uonje.

#19 Kinyonga
Hapa mmenisaidia. Sasa kuna hili la manyoya ya paka kuingia tumboni na kumzunguka mtoto. Bibi zetu wote wamekosea?

#20 MkungaZamu
Unywele ukimezwa unapita njia ya chakula na kutoka. Mfuko wa uzazi hauna mlango huko. Manyoya na mate vina shida moja ya kweli: mzio na pumu. Mama mwenye pumu anayebanwa akiwa na paka asivumilie kwa sababu ya mapenzi, maana hewa yake ndiyo hewa ya mtoto. Paka asiingie chumba cha kulala, mashuka yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki, na dawa ya kuvuta asiiache bila kumuuliza daktari.

#21 KambaFupi
Mmeshughulika na paka kurasa nzima, mbwa mkubwa ndiye anayewapeleka wajawazito hospitali. Si kwa ugonjwa, kwa kuvutwa na kuangushwa. Mimba ikikua uzito unakwenda mbele na viungo vinalegea, mbwa wa kilo 30 akiona paka upande wa pili wa barabara, mama yuko chini.

Kamba usiizungushe kiganjani wala kifundoni. Ishike kwa mkono mmoja, wa pili uikamate katikati. Tumia mkanda wa kifuani wenye pete ya mbele: akivuta anageuzwa pembeni, nguvu inakatika. Ile kamba ya kujirefusha yenye kijisanduku iache, inampa mita kadhaa za kuchukulia kasi kabla haijakaza. Mlangoni afundishwe kukaa kabla hajasalimiwa. Anayekurukia usimsukume kwa mikono, kwake huo ni mchezo. Geuza mgongo, nyamaza, miguu yake minne ikigusa sakafu ndipo umsemeshe. Nyumba nzima ifanye hivyo, akiwepo mmoja anayecheka na kumkumbatia akirukia, kazi imeharibika.

#22 MkungaZamu
Naongeza la hospitali. Tumbo likigongwa kwa nguvu au mama akianguka, mimba ikiwa na wiki 20 na zaidi, asisubiri damu wala maumivu. Kondo linaweza kuachia bila damu kuonekana nje. Aende, mapigo ya mtoto na mikazo vifuatiliwe angalau saa 4. Na kama kundi lake la damu ni hasi (Rh hasi), sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, itolewe ndani ya saa 72. Kadi ya kliniki isiachwe nyumbani.

#23 Upepo wa Kusi
Na akiumwa? Nimeona watu wanaogopa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa sababu ya mimba.

#24 VetMkongwe
Kichaa kikishaonyesha dalili hakina matibabu ya kutegemea, kwa hiyo mimba si sababu ya kuchelewesha hata siku moja. Chanjo na sindano ya kingamwili vyote vinaruhusiwa kwa mjamzito. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili ukitazama saa, si kwa kukadiria. Kisishonwe haraka. Mbwa au paka anayejulikana afungiwe na aangaliwe siku 10, huku mama ameshaanza chanjo. Pepopunda ikumbukwe.

Jino la paka msilidharau kwa sababu tundu ni dogo. Ni jembamba, linaingia ndani kabisa na kuacha bakteria kwenye mshipa au kiungo, na nje panafunga. Mkono ukivimba ndani ya siku moja ni hospitali. Kwa mjamzito hutumiwa zaidi amoksilini yenye klavulaneti, doksisaiklini inakwepwa.

#25 Sikio la Kufa
Dawa za viroboto je? Zile za kudondoshea shingoni.

#26 VetMkongwe
Apake mtu mwingine, penye hewa, na mnyama asilale na mama mpaka pakauke, afadhali usiku mzima upite. Kuogesha mbwa kwa amitrazi mjamzito akae mbali. Halafu la hatari kwa paka mwenyewe: dawa ya mbwa yenye permethrini inaua paka. Wengi wanagawa chupa moja kwa wote wawili ili kubana matumizi.

Na kwenye kabati la dawa za mifugo kuna sindano za prostaglandini za kurekebisha joto la ng'ombe, yaani wakati wake wa kutaka dume. Zinapita kwenye ngozi nzima, isiyo na kidonda, na zinaweza kusababisha mimba kutoka. Mjamzito na mwenye pumu wasiziguse hata kwa glavu. Vidonge vya tezi vya paka, methimazoli, navyo si vya kushika mikono mitupu.

#27 Darubini
Kuna mgeni tumemsahau. Panya wa nyumbani hubeba kirusi kiitwacho LCMV, na humwambukiza hamsta au panya wa kufugwa. Binadamu hukipata kupitia mkojo, kinyesi na vumbi la matandiko ya kizimba. Mapema kwenye mimba kinaweza kuitoa. Baadaye kinaacha maji kichwani na makovu ya retina. Picha ya mtoto inafanana sana na ya Toksoplazma, ndiyo maana mtoto mwenye dalili hizo na vipimo hasi vya Toksoplazma anastahili kupimwa na hiki.

Tofauti ni kwamba hapa hakuna "safisha kila siku utakuwa salama". Hamsta akae chumba kingine, ahudumiwe na mwingine miezi yote. Na panya wa darini wakikamatwa, mama asifagie mavi yao makavu. Yalowanishwe kwa dawa, yaachwe dakika kadhaa, yafutwe kwa karatasi, dirisha likiwa wazi.

#28 Shubiri
Kwa hiyo hamsta anahama na hamlalamiki, paka akitajwa mnaandamana.

#29 Kitasa
Hamsta hana mawakili 😅

#30 MamaPacha
Kasuku na kobe wa kwenye tangi nao? Naona uzi unaelekea kuwa safina.

#31 VetMkongwe
Kasuku: Chlamydia psittaci, inayoleta homa ya mapafu, kali zaidi kwa mjamzito. Mavi yakikauka yanapeperuka, kwa hiyo karatasi ya chini ya kizimba inyunyiziwe maji kabla ya kutolewa, na si mama anayetoa. Ndege mpya asiingizwe nyumbani wakati wa mimba. Mama akikohoa na homa, amwambie daktari kuna ndege nyumbani, vinginevyo hakuna atakayefikiria.

Kobe, mijusi, nyoka: salmonela, nao hawaumwi. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya sentimita 10 kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Tangi lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Vifaranga vya kuku na bata, hadithi ni ileile.

#32 Upepo wa Kusi
Na paka mwenyewe akiwa anazaa? Mama mjamzito anaweza kumsaidia?

#33 VetMkongwe
Hapana. Kondo na maji ya uzazi ya mnyama hubeba bakteria wa homa ya Q, na watu wanadhani ni wa mbuzi na kondoo tu. Miaka ya 1980 huko Nova Scotia kundi la wacheza karata liliugua homa ya mapafu baada ya paka kuzaa kwenye nyumba waliyochezea. Kwa mbuzi na kondoo hatari ni kubwa zaidi: asikaribie zizi wakati wa kuzaa, asiguse kondo wala kitoto kilicholowa, na asifue nguo za aliyezalisha.

#34 Shubiri
Nirudi kwenye bandiko #1, maana mmenizungusha. Ufaransa wanampima kila mjamzito tangu 1978, na asiye na kinga wanamrudia kila mwezi. Uingereza hawapimi wote. Kama jambo liko wazi hivyo, mbona nchi hizo mbili zimeachana?

#35 Darubini
Kwa sababu wanabishana kama spiramaisini inazuia kweli au inatufariji tu, na kwa sababu kipimo cha IgM kinazaa hofu nyingi pale ugonjwa unapokuwa adimu. Pia wingi wa maambukizi haulingani kila mahali. Wafaransa wanasema kuanza dawa mapema ndani ya wiki 3 kunasaidia. Wengine wanasema ushahidi wa majaribio hautoshi.

#36 MkungaZamu
Na wengine tunasema muda wa kumweleza mama kuhusu kisu, mbao na glavu unaleta zaidi ya vyote viwili. Ila hilo nalo halijapimwa vizuri, Shubiri, usinirukie.

#37 Shubiri
Sijakurukia, nageuza mgongo na kunyamaza kama KambaFupi alivyofundisha. Bado nasema paka aende kwa ndugu.

#38 Kinyonga
Swali la mwisho kwa wenye ujuzi. Paka wangu ana miezi 5, anatoka usiku, na mama IgG haipo. Sina ndugu wa kumpa.

#39 VetMkongwe
Huyo ndiye wa mashaka kweli: mdogo, mwindaji, pengine ndiyo kwanza anajifunza kukamata. Mfungie ndani kuanzia leo. Mpe chakula cha kopo, kikavu, au nyama iliyoiva, mbichi hata kidogo hapana. Zihesabu wiki 3 kutoka leo kama za hatari, choo kichotwe na wewe asubuhi na jioni, maji ya moto kila siku. Bustani ambako alikuwa anachimba iwekewe alama, mama asipande wala kung'oa kitu hapo. Dirisha la jikoni liwekewe wavu, maana atatokea hapo tu.

#40 KambaFupi
Na usiku wa kwanza atalia mpaka alfajiri. Mchezeshe dakika 15 kabla ya kulala, mlishe baada ya mchezo, akilia usimfungulie hata mara moja, ukifungua mara moja amejua kilio kinafanya kazi.